Jina Lako Kwenye Pleti ya Klachi

Kaka yangu Baluku,

Usitafute salamu hapa juu. Salamu huandikiwa mtu uliyemkosea kidogo. Mimi nilikuharibia jina kwa rangi nyeupe na brashi, herufi moja baada ya nyingine, nawe umesimama hatua tatu nyuma yangu ukiniangalia mkono. Miaka kumi na minne imepita. Sikuandikii ili nikueleze kilichotokea, maana unakijua. Mguu wako ulikijua kabla ya kichwa cha mtu yeyote. Naandika ili mji wetu wa Bwera ujue. Kwa hiyo barua hii haitafungwa kwenye bahasha. Nitaibandika ukutani hapa karakana, anayengojea gari lake aisome, na nakala yako italetwa na mtu nitakayemtaja mbele.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichohukumiwa nacho. Nyumbani tulisali na kubembelezana kwa Kilhukonzo. Kiswahili Baba alirudi nacho kutoka jeshini, pamoja na jozi ya buti, ufundi wa malori na lile jina la Afande ambalo hata Mama alimwita. Mara nyingi alikuwa kimya. Akianza Kiswahili, kila mtu pale uani aliacha alichokuwa akifanya na kujikagua amekosa nini.

Wasiomfahamu waelezwe. Afande hakutengeneza gari kabla ya kumshtaki dereva wake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa; kufungua na kufunga nati ilikuwa nyongeza tu. Dereva alisimamishwa mbele ya boneti, mikono nyuma, akaambiwa kosa lake watu wakisikia. Kisha gari likafunguliwa, na kama ugonjwa ni klachi, ile pleti iliyoungua ikatolewa, ikapakwa jina la aliyeiunguza, ikatundikwa kwenye msumari kwenye ukuta unaotazama barabara. Watu waliotoka sokoni walisimama kusoma, wakacheka, wakaenda zao. Dereva aliyetundikwa hakupewa tena gari la mtu kuanzia mpakani Mpondwe hadi Kasese mjini, na Baba aliona hilo ni jambo jema kabisa. Alikuwa akisema gari haidanganyi. Uongo mtupu. Gari husema kile ambacho fundi amelifanya liseme, na huo ndio ufundi niliojifunza mapema kuliko mwingine wote.

Mwandiko mzuri ulikuwa wangu, kwa hiyo majina niliyapaka mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, dada yetu Masika ameshaolewa, na hakuna aliyejua nitafanywa nini. Nilifagia karakana, nikaosha plagi, nikapaka majina. Nilikuwa najivunia herufi zangu. Kwanza napaka rangi ya msingi ili nyeupe ishike, nangoja ikauke, ndipo naandika, halafu narudia mara ya pili. Hakuna jina nililoandika lililowahi kubanduka.

Kabla sijafika kwenye uchafu, acha nikumbuke siku moja safi. Ulinichukua twende Kilembe, kwa wakwe zako watarajiwa, na ile pikapu ya Baba ya kijani ambayo umri wake ulikuwa karibu sawa na wako. Tulipofika pale barabara inapopanda ikiongozana na mto Nyamwamba, nyumba za wachimba shaba wa zamani ziko kulia, ulisimamisha gari mlimani, ukavuta breki ya mkono mpaka ikalia, ukanihamishia kwenye usukani. Ukaniambia nikanyage klachi, niweke gia ya tatu, nitie mafuta kidogo, halafu niachie pedali taratibu. Niliachia. Gari likatikisika mara moja na injini ikafa. Mimi nikadhani nimeharibu kitu, karibu nilie. Wewe ukapiga makofi.

"Imekufa vizuri," ulisema. "Klachi nzima inaua injini. Ukiona injini bado inaendelea na gari haisogei, ujue klachi inateleza, na hapo hata Mungu hakupandishi mlima."

Nimekuwa fundi miaka yote hii na bado hakuna kipimo ninachokitegemea kama hicho. Ulinipa bure, ukicheka, na mchumba wako akatuletea chai kwenye ngazi ya nyumba yao. Nilikushukuru kwa namna ambayo sasa nitaieleza.

Jumamosi moja jioni, tukila, ulisema gia ya nyuma inalia ukiiweka. Ulisema hivyo tu, kama mtu anavyosema chumvi imepungua. Baba akasema ataitazama. Nikajua ugonjwa ni nini, au nikadhani najua: kebo ya klachi imelegea, pedali haisukumi mpaka mwisho, gia zinasagana. Nikajiambia kesho nitaitengeneza mwenyewe, halafu Jumatatu nitamwambia Baba mbele yako, naye atasema fundi. Neno moja tu. Hakuwahi kumwambia mtu wa nyumba yetu neno hilo, na wewe hukulihitaji, kwa sababu wewe ulikuwa mtoto wa kiume wa kwanza na pikapu ilikuwa imeshaahidiwa kwako.

Jumapili nilisema tumbo linaniuma, mkaenda kanisani mkaniacha. Nikaingia chini ya gari. Sanduku la spana Baba alikuwa amelifunga, kwa hiyo nilitumia koleo, na koleo ikatafuna kona za nati kama panya anavyotafuna sabuni. Nikakaza. Nikatoka, nikajaribu gia, bado inalia kidogo. Nikarudi, nikakaza tena. Sasa gia ikaingia kimya. Niliimba, Baluku. Niliimba peke yangu uani na mikono myeusi. Sikupima pedali. Kila fundi anajua pedali ya klachi lazima icheze vidole viwili kabla haijaanza kushika, na kama haichezi hata kidogo, ni sawa na mtu aliyeweka mguu juu ya klachi usiku na mchana. Pleti haibanwi sawasawa, inateleza, inapata moto, inaungua polepole. Nilijua hayo. Nilikuwa nimeyasikia mbele ya boneti mara chungu nzima. Lakini nilikuwa na furaha, nikasahau.

Jumatatu asubuhi ulikanyaga pedali mara moja tu ukanitazama kupitia dirishani. Ukauliza, "Biira, nani ameshika klachi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini uso wako haukuwa wa mtu anayesifu, na mimi nikaogopa. Nikakujibu, "Labda ni Baba." Ukatikisa kichwa kukubali, ukaondoka. Kama Afande ameigusa, wewe ni nani uiguse tena? Kwa neno hilo moja nilikupeleka kuendesha wiki mbili kwenye klachi inayojila yenyewe, kwenda Kasenyi ziwani kuchukua samaki wa kina mama wa soko na kurudi nao Bwera, mlima kwa mlima, ukiamini mkono uliokaza ile nati ni wa bwana mkubwa.

Wiki ya pili, siku ya soko, pikapu ilishindwa kupanda pale Munkunyu. Unajua kuliko mimi ilivyokuwa. Injini inanguruma, gari halivuti, harufu ya kuungua imejaa ndani, samaki wamo nyuma, na jua la saa sita halimsubiri mtu. Ulivutwa na trekta hadi Bwera, ukafika saa tisa. Samaki walikuwa wameharibika. Uliposhuka kwenda kuwaangukia wale kina mama, Baba alikuwa bado mpakani na lori la mtu. Nikasogea kwenye pikapu, nikabonyeza pedali kwa mkono. Haikucheza hata unene wa kucha.

Sasa sikiliza, na Bwera isikilize. Sikulia wala sikukimbilia kwako. Nilichukua ile ile koleo, nikaingia chini, nikailegeza nati mpaka pedali ikacheza vidole viwili kamili. Nikaipima mara mbili. Safari hii nilipima. Pleti ilikuwa imeshaungua, haiwezi kurudi, lakini sasa hakuna mtu angejua imeunguzwa na nini. Kazi ile niliifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyokuwa nimeifanya kabla yake.

Baba alikuja na kelele za kina mama zikamlaki. Akakuambia kwa sauti ya kambini, "Wewe. Washa hiyo gari." Ukaiwasha. Akaiacha ingurume kidogo, akaingiza mkono dirishani, akazima, akachomoa ufunguo na kuuinua juu ili watu wauone. Na injini ikaendelea. Ufunguo uko mkononi mwake, injini inakohoa, inatikisika, inakataa kufa, watu wanacheka. Akakuamuru uweke gia ya tatu na breki ya mkono, uachie klachi, uiue. Ukaachia. Injini ikakohoa pale pale kama haijaguswa, kwa sababu hakukuwa na klachi ya kuiua. Watu wakashika mbavu. Mwishowe Baba alifungua boneti, akatoa kifuniko cha hewa, akauziba mdomo wa kabureta kwa kiganja chake. Injini ikavuta mara mbili, ikafa.

Ile ya injini kuendelea baada ya kuzimwa haikuwa kosa lako pia, na leo naisema. Injini ya zamani ya petroli huendelea hivyo ikiwa na moto mwingi na masizi ndani, ikinyweshwa petroli mbaya, na skrubu ya kabureta ikiwa imefunguliwa sana. Petroli ile iliyochanganywa na mafuta ya taa Baba aliinunua mwenyewe, kwa madumu, pembeni mwa barabara, akakujazia kwa mkono wake. Skrubu aliifungua mwenyewe ili injini isizimike asubuhi. Alikuhukumu kwa makosa mawili: moja langu, moja lake.

Ukajaribu kujitetea, ukaharibu zaidi. Ulisema, "Baba, si wewe uliyerekebisha kebo?"

"Mimi?" alisema, na watu wakacheka tena, kwa sababu ulikuwa unamtupia kosa Afande mwenyewe.

Akainama, akapima pedali kwa vidole, mbele ya wote. Viwili. Akaingia chini ya gari, akakaa huko muda mfupi. Alipotoka alikuwa anafuta kidole kwenye suruali. Akasema kebo iko sawa, dereva ndiye mbaya, dereva anaendesha mguu ukiwa juu ya klachi kama mwanamke mzee aliyepumzisha mguu kwenye kigoda. Hapo ukageuka ukanitazama mimi. Ulinitazama muda wa kutosha mtu kuhesabu hadi kumi. Ungeweza kusema jina langu. Nimejiuliza miaka yote kwa nini hukusema, na jibu ninaloliogopa ni kwamba ulikuwa unaningojea nilitaje mwenyewe.

Pleti ilitolewa kesho yake. Baba akaniletea na kopo la rangi. Nikapaka BALUKU. Akatazama, akasema haitoshi, kila nyumba Bwera ina Baluku wake, watu watadhani ni wa mwingine. Akaniambia niongeze. Nikaongeza chini yake, WA AFANDE. Wewe ulikuwa hatua tatu nyuma yangu na mfuko wako begani. Mkono wangu haukutetemeka, naomba ujue hilo, kwa sababu watu hupenda kusema mkono ulitetemeka. Herufi zilitoka safi. Ukavuka mpaka kuingia Kongo siku ile ile. Kabla mwezi haujaisha, wale wazee wa Kilembe walituma neno kwamba binti yao hawezi kuolewa na mtu aliyetundikwa ukutani na baba yake mzazi. Na mimi Baba akanipa spana ya kwanza, akaniita fundi. Nililipata neno langu.

Umesikia kwamba alifariki mwaka jana. Hukuja, na sikutegemea uje. Kiharusi kilimlaza upande mmoja miezi minne, nikamlisha, nikamgeuza, nikamwosha. Mchana mmoja, Mama akiwa shambani, alinitazama kwa lile jicho moja lililobaki likifanya kazi, akaanza Kiswahili.

"Nati ilikuwa inang'aa," alisema.

Nikamuuliza nati gani. Nilikuwa najua, lakini niliuliza.

"Usinifanye mjinga. Ya kebo. Gari yote iko na vumbi na kutu, nati moja inang'aa, imeumwa na koleo. Mimi na koleo wapi na wapi?" Akapumzika. "Dereva wanajaa barabarani. Mimi nilikuwa nataka fundi. Na mtu na kosa yake haendi mbali. Umekaa, si umekaa?"

Nilikaa, kaka. Alikutupa wewe ili anifunge mimi, na kamba aliyonifungia niliisokota mwenyewe chini ya gari. Hakuomba msamaha. Alisema vile kama mtu anayeeleza ufundi, na nadhani alitegemea nimsifu. Siku tatu baadaye daktari alisema imekwisha, tumwite mchungaji, lakini pumzi ikaendelea siku nzima, inakata, inarudi, inatikisa kitanda, inakataa. Nilikuwa peke yangu naye. Nikakumbuka kabureta. Nikakitazama kiganja changu, nikaweka mikono yote miwili chini ya mapaja yangu, nikaikalia mpaka alipomaliza mwenyewe. Huo ndio wema wote niliomtendea siku ile.

Ungedhani baada ya maneno yale ningekimbia moja kwa moja kuitoa pleti yako. Sikuitoa. Nilikuwa na wateja. Karakana ilikuwa sasa yangu, watu wa Bwera na wa ng'ambo wanasema huyu mwanamke ana sikio la baba yake, na ukuta ule ndio uliowaleta. Nikajiambia nitaitoa baada ya msiba, halafu baada ya mvua, halafu nikaacha kujiambia. Nilipita chini yako kila asubuhi na chai yangu mkononi. Mtu huzoea.

Wiki iliyopita akaja Papa Kambale, mfanyabiashara wa vitenge wa Butembo kule Kongo, na gari lake dogo kuukuu la rangi ya maziwa. Alikuja na dereva wake, Kasereka, mtu mzima mwenye mvi. Papa Kambale akaniambia, "Mama fundi, iko na magonjwa mbili. Nikitosha ufunguo, moteri inaendelea tu. Na ku mulima inalia sana lakini haivute." Yaani ufunguo ukitolewa injini haifi, na mlimani gari halivuti; yote mawili niliyajua. Nikazima, ikaendelea kukohoa. Nikavuta breki ya mkono, gia ya tatu, nikaachia klachi. Haikufa. Nikanusa, nikafungua, nikachunguza kabureta na skrubu yake, nikauliza mafuta wanaweka wapi, wakasema kwenye chupa za barabarani. Nikapima pedali. Haikucheza hata unene wa kucha. Nikaingia chini, na nati ya kebo ilikuwa inang'aa.

Nilipotoka, Kasereka alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono nyuma. Hakuna aliyemwambia. Habari za ukuta wetu zilishavuka mpaka zamani.

"Anawekaka mguu ku ambreyaje siku yote," Papa Kambale akasema, akionyesha pedali ya klachi. "Nimesikia hapa munaandikaka jina. Andika ya kwake. Nitatafuta dereva mwingine."

Nikamuuliza nani alikaza kebo. Akasema bila wasiwasi wowote kwamba ni yeye mwenyewe, gia ilikuwa inalia, akaikaza kidogo, lakini dereva ndiye dereva. Alisema hivyo akitafuna karanga. Na Kasereka alinitazama kwa lile jicho lako, la kungojea.

Nikafungua kinywa, na sauti iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Afande. Niliisikia kifuani, ile ya kambini. Nilitaka kumsimamisha Papa Kambale mbele ya boneti, nimvue nguo mbele ya barabara nzima, nimtundike. Ningefurahi sana. Badala yake nilimshika Kasereka mkono, nikamtoa pale, nikasimama mimi. Mikono nyuma. Wauza chapati walikuwa wakitazama, na wale wanaongojea gari za Kasese. Nikasema, "Ile pleti pale juu, ya Baluku, niliiunguza mimi. Nilikaza nati, nikailegeza, nikaandika jina la kaka yangu." Papa Kambale alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wa fundi. Kisha akaacha kutafuna.

Akaniuliza, "Baluku wa Uganda? Wa Butembo, wa lori ya mbao? Namufahamu. Hakubalake mutu mwingine aguse kebo yake."

Alikusudia kukusifu kwa kutomruhusu mtu kuigusa kebo yako. Mimi nilichukua spana nikarudi chini ya gari. Ndiye atakayekuletea barua hii, na Kasereka ndiye atakayeendesha; niliwawekea pleti mpya, vidole viwili, na nimemwonyesha Papa Kambale nati ile na kumwambia asiiguse tena.

Jana nilipanda ngazi nikaitoa pleti yako. Nilitaka kulifuta jina. Niliisugua kwa petroli, kwa brashi ya waya, kwa msasa, mpaka vidole vikatoka damu. Jina halikubanduka. Niliipaka vizuri mno, rangi ya msingi na nyeupe mara mbili. Nikaiegemeza chini ukutani, nikachukua ile iliyoungua ya Papa Kambale, nikaandika BIIRA WA AFANDE, nikaitundika kwenye msumari wako.

Mama akatokea. Lazima ujue kwamba tangu ulipoondoka Mama hakupita mbele ya karakana hata siku moja. Huzunguka nyuma, kwenye migomba, hata mvua ikinyesha, hata akiwa na ndoo kichwani. Mimi nilidhani ni uchungu wa kuliona jina lako. Jana alipita mbele. Akasoma langu taratibu, akatazama lako pale chini. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, mama yetu, ambaye sijawahi kumsikia akinipa neno moja la Kiswahili tangu nizaliwe.

"Ile Jumapili nilirudi kuchukua kitabu ya nyimbo. Niliona miguu yako chini ya gari. Miguu ya mtoto wangu naijua." Akaninyooshea brashi. "Nikanyamaza, maana mmoja alikuwa anaenda. Niliogopa kubaki bila wote. Hiyo ya Baluku usiifute. Ongeza neno moja juu."

Nikaongeza. Safari hii herufi zimekaa vibaya, utaziona. Pleti iko kwenye msumari wa pili, karibu na yangu: MAMA BALUKU WA AFANDE. Alisimama hapo mbele ya barabara, mikono nyuma, mpaka rangi ilipokauka.

Ukija, usizunguke kwenye migomba. Pita mbele, soma, halafu ukitaka ondoka.

Mdogo wako, niliyekaza nati,
Biira